Nilivyoanika Kaptula Zangu kwenye Mtandao

Leo nimeaibika mbele ya tume, mbele ya kamati, mbele ya mke wangu na mbele ya kuku wa jirani. Nawaandikia nikiwa bado nimevaa kravati.

Kosa lenyewe halikuanza leo. Lilianza siku ambayo kamati ya mtaa wetu hapa Kolwezi iliniuliza swali moja, nami nikajibu "Ndiyo" wakati nilipaswa kujibu "Hapana, asanteni, mgongo unaniuma."

Hali yetu mnaijua. Shimo jipya la shaba linatusogelea kama mgeni anayevuta kiti kuelekea sahani yako. Kila wanapolipua mwamba, vikombe vinacheza kabatini na kuta zinapasuka. Kampuni inasema nyumba zetu zilijengwa vibaya. Sisi tunasema ni baruti. Na hapo ndipo penye shida: ikithibitika ni baruti mbele ya tume itakayokuja kuamua, tunajengewa nyumba kwingine, ikionekana ni ubovu wa nyumba, tunafukuzwa tu, kwa sababu karatasi zao zinasema tunakaa ndani ya eneo la mgodi.

Kamati ilikuwa na mawazo mawili. Mama Ngalula, jirani yangu ambaye tunatenganishwa na ukuta tu, alitaka kila nyumba ipige picha ya kila ufa, na kila kilichoanguka kiachwe palepale kilipoangukia.

Wazo la pili lilikuwa mimi.

Mimi ni fundi wa simu. Nilisoma elektroniki sekondari, nikatunza simu za kampuni kubwa ya zamani mpaka siku ilipoanguka nasi tukiwa ndani. Tangu hapo natengeneza redio, pasi, simu za mkononi, na mara moja meno ya bandia ya mzee mmoja (msiniulize). Pasta wetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, alikuwa amepewa na marafiki wa kanisa kadi ndogo ya kompyuta, inayoenea kwenye kiganja, pamoja na kipimo cha mitikisiko. Nikavitia ndani ya kopo la biskuti. Mtaa mzima ukakaita kasanduku.

"Tata Donati," Pasta akaniuliza kikaoni, "tupige picha, ao tutegemee kasanduku kako?"

"Picha zinabishaniwa, Pasta. Kipimo hakibishaniwi. Mi nitakuwa shahidi wa kartie yote."

(Shahidi wa kartie yote, wa mtaa mzima! Hata mitume hawakuanza na maneno makubwa hivyo.)

Mama Ngalula akanitazama. "Tata, na kama kasanduku kanalala?"

"Hakalali, Mama. Si mulinzi."

Watu wakacheka. Nilikipenda sana kicheko kile. Cha leo sikukipenda.

Sasa niwaeleze kidogo mambo ya ufundi, maana bila hayo mtadhani mimi ni mjinga wa kawaida, na mimi ni mjinga wa aina ya pekee.

Kompyuta ya ofisini ukiiwasha inajipapasa yenyewe, inajua ina nini. Kadi ndogo hizi haziko hivyo. Zinaamka kama mgonjwa asiyejua kama bado ana miguu. Lazima uiandikie kadi ina nini. Unaandika faili linaloitwa mti wa vifaa, kwa sababu lina shina na matawi: kwenye tawi hili kuna mlango wa Ethernet, yaani wa waya wa mtandao, anwani yake hii, na nyuma ya mlango kuna chipu ndogo iitwayo PHY, ambayo kazi yake ni kuushika waya na kutoa habari: waya upo, waya haupo. Mfumo ukisoma faili hilo unaamini kila neno. Ukiandika kitu kisichokuwepo, unakitafuta. Usipoandika kilichopo, kwake hakijazaliwa.

Kadi yangu ilikuja na mti wa kadi nyingine. Zilikuwa ndugu, lakini si pacha. PHY yake ilikaa kwenye namba niliyoshindwa kuipata. Nikajaribu hii, nikajaribu ile. Kila mara mfumo ulinijibu kwa adabu kwamba hakuna PHY mahali hapo. Mtu mwenye akili angemuuliza fundi mwenzake. Lakini shahidi wa kartie yote anaulizaje?

Ndipo nikakutana na neno fixed-link.

Neno hili ukiliandika kwenye tawi la Ethernet, unauambia mfumo: usiulize PHY, usiulize mtu. Kiungo kipo, kasi yake ni hii, maneno yameisha. Liliwekwa kwa ajili ya chipu mbili zilizochomewa kwenye kadi moja, mahali ambapo hakuna waya wa kuchomoka. Nilijua. Ilikuwa imeandikwa palepale chini yake. Niliisoma, nikaipita kama mtu mwenye haraka anavyopita kibao cha hatari.

Nikaandika. Nikawasha. Taa niliyoitengeneza kwenye skrini, inayofuata maneno ya mfumo, ikawa ya kijani!

Mke wangu, Mama Sidoni, akanikuta napiga makofi peke yangu.

"Kuko nini?"

"Imeshika, Mama! Ni sawa na ndoa ya kanisa. Ikisha kufungwa, hakuna wa kuuliza tena kama bado inafanya kazi."

Akauliza, "Na hiyo ni sifa?"

Na kweli ilifanya kazi, msinidharau mapema. Nilivuta waya wa bluu kutoka dirishani, ukapanda juu ya ukuta wa jiko la Mama Ngalula, ukaingia ofisi ya kanisa iliyo nyuma yake, kwenye kompyuta ya Pasta. Vipimo vikafika. Kwa kuwa kasanduku hakana nafasi ya kuhifadhi mengi, nikakaagiza hivi: kama kiungo kipo, tuma, kisha futa.

(Kama kiungo kipo! Maneno hayo yachongwe kwenye msalaba wangu.)

Wakati huo milipuko ilikuwa bado ya mbali. Pasta akafungua kompyuta yake, akaona mistari mizuri inayopanda na kushuka, akafurahi, hakufungua tena. Kwa nini afungue? Kila Jumapili baada ya ibada nilisimama na kutangaza, "Taa ni ya kijani," na wamama wakaitikia, "Amina."

Kisha shimo likasogea.

Mchana mmoja walilipua mlipuko ambao ulinirusha kutoka kwenye kiti. Ukuta wa jiko la Mama Ngalula ukalala chini wote. Hakuumia mtu, ila sufuria ya sombe, kisamvu chake cha mchana. Na ukuta ulipokwenda, ulikwenda na waya wangu, ukaukata katikati.

Nikasikia sauti yake. "Tata Donati! Kamba yako imeanguka kwangu!"

Sasa someni polepole nilichofanya. Nilitoka. Waya ulikuwa umelala mbele ya viatu vyangu. Ningeinama tu ningeushika. Lakini mimi nikarudi ndani kutazama skrini.

Kijani.

Nikatoka tena, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Hapana, Mama. Yangu iko sawa. Hiyo itakuwa ya batu ba simu."

"Lakini ni ya bulu, sawa yako."

"Mama, kamba za bulu ziko mingi."

"Basi niichukue?"

"Ichukue."

"Na matofali? Mi nilitaka niache tu vile, batu ba tume baone."

"Ya nini? Kasanduku kameona yote. Safisha, Mama. Pika bila vumbi."

Akasafisha. Yale matofali akayajengea banda la kuku. Waya akaufunga kati ya mparachichi na nguzo ya jiko, akapata kamba ya kuanikia nguo ambayo haina kutu wala haikatiki, bora kuliko zote mtaani. Na kwa kuwa kamba yetu ilikuwa imeoza, akamwambia mke wangu naye aanike pale.

Tangu siku hiyo nimepita chini ya waya huo kila asubuhi. Nimeinamisha kichwa ili kaptula zangu za ndani zisinipige usoni.

Basi, tufike leo.

Leo tume imekuja kuamua. Nimeamka mapema, nikaoga, nikavaa koti nililovaa mara ya mwisho siku kampuni ya zamani ilipotuaga. Mke wangu akanikuta mbele ya kioo.

"Kravati ni ya nini? Kasanduku kanaoa?"

"Mama, leo batu banaona kazi ya bwana yako."

(Nabii. Kweli mimi ni nabii.)

Wakaja. Mkuu wa tume, mwanamume mnene mwenye uso wa mtu aliyeahidiwa chakula cha mchana kwingine. Pamoja naye injinia wa kampuni, dada kijana mwenye kofia nyeupe na adabu nyingi. Nilipomwona kijana hivyo nikajisemea: huyu nitammeza na chai. Sebule ikajaa. Pasta akaomba kwa kifupi. Nikasimama.

Nikaeleza mti wa vifaa. Nikaeleza matawi. Nikatumia fimbo kuonyesha skrini. Nilipofika kwenye taa ya kijani niliinua fimbo polepole, kama padri anayeinua kikombe.

"Kama munavyoona, kiungo kipo. Hakijawahi kukatika hata mara moja!"

Makofi. Mama Ngalula naye alipiga.

Injinia akainua mkono. "Hata mara moja, Tata?"

"Hata mara moja."

"Hata umeme ukisumbua kule upande wa pili wa waya?"

"Dada, hii haisumbuliwi."

Akatabasamu. "Samahani, naomba kitu kidogo tu. Chomoa waya."

Ningekataa pale ningesema nini? Nikauchomoa. Nikauinua juu mkononi ili wote wauone. Wote wakautazama. Kisha wote wakatazama skrini.

Kijani.

Nje kuku wa jirani akalia.

"Tata," injinia akasema taratibu, "waya uko mkononi mwako. Na mashine inasema umechomekwa."

Mungu anisamehe jibu nililotoa. Nilisema, "Hii ni mashine yenye subira."

Mkuu wa tume ndiye aliyeanza kucheka. Tumbo lake liliondoka kwanza, sauti ikafuata. Mama Sidoni akafunika uso kwa kitenge. Mimi nikarudisha waya kwenye tundu lake, nikakaza kravati, nikatangaza kwamba taa si kitu, kilicho muhimu ni waya, na waya uko imara hadi kanisani.

"Tuufuate basi," akasema injinia.

Tukaufuata. Mbele injinia, nyuma yake mkuu, Pasta, kamati, na wapita njia ambao hawakujua tunakwenda wapi ila waliona watu wanakwenda. Waya ukatoka dirishani. Ukapita chini ya bati. Ukaingia kwa Mama Ngalula. Ukafika kwenye mparachichi, ukazungushwa mara kadhaa, ukafungwa fundo zuri sana la mwanamke anayejua kazi yake.

Na kutoka hapo hadi nguzo ya jiko: mashuka mawili, kitenge, fulana ya kanisa, na kaptula zangu za ndani, zote nilizo nazo isipokuwa niliyovaa. Ile yenye kiraka cha njano ilikuwa katikati, inapepea kama bendera mbele ya ofisi.

Mwisho wa waya ulikuwa umening'inia nguzoni, umepasuka nyuzi, haujagusa kitu chochote duniani.

"Na hizi," mkuu wa tume akauliza, "ndizo data?"

Jamani! Watu walishika miti! Kuna mzee alikaa chini kabisa. Pasta alikuwa anajaribu kubaki mtumishi wa Mungu lakini mabega yalimkataa.

Nikamgeukia Mama Ngalula, eti kwa ukali. "Mama! Unaanika nguo juu ya rezo, juu ya mtandao?"

"Mi?" Akaweka mikono kiunoni. "Weye mwenyewe ulisema si yako! Nilikuambia kamba yako imeanguka. Ulienda ku nyumba kuuliza televizyo yako, ukarudi ukasema, 'Kamba za bulu ziko mingi.' Ziko wapi, Tata? Tuonyeshe zingine!"

Wakacheka tena. Mke wangu hakucheka. Alianza kutoa kaptula moja moja kwenye kamba, akizificha chini ya mkono, akasema chini chini, lakini si chini ya kutosha, "Ndoa ya kanisa."

Mpaka hapo ilikuwa aibu tu, na aibu mzee anaizoea. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kidogo.

Injinia akasema, "Twende tuone kilichofika."

Tukaingia ofisi ya kanisa. Pasta akapangusa vumbi kwenye kompyuta, ikachukua muda wake, ikafunguka. Mistari ilikuwepo. Yote ilitoka kwenye siku zile za mwanzo, shimo lilipokuwa mbali na vikombe vilipokuwa vinacheza tu. Ya mwisho ilifika asubuhi ya siku ile ukuta ulipolala. Asubuhi. Ilikuwa tulivu sana. Baada ya hapo hakuna kitu. Milipuko yote mikubwa kasanduku kaliipima, kakaambiwa kiungo kipo, kakaituma hewani, kakaifuta.

Injinia alisoma kila mstari. Hakunidhihaki. Heri angenidhihaki.

"Tata, umepima vizuri," akasema. "Mitikisiko yote iko chini ya kiwango cha kupasua ukuta. Kampuni itaomba nakala."

Nilimshukuru! Naapa, mdomo wangu ulisema "Aksanti" kabla kichwa hakijaelewa. Shahidi wa kartie yote alikuwa ametoa ushahidi, na ulikuwa wa upande wa pili.

Pasta hakuwa anacheka tena. "Lakini ukuta wa Mama Ngalula ulianguka, bakubwa! Sisi wote tuliona!"

"Uko wapi huo ukuta?" mkuu akauliza.

Tukatazama kupitia dirisha. Kuku mmoja akatoka kwenye ushahidi wetu, akajikung'uta, akarudi ndani.

"Picha ziko?"

Wote walikuwa na simu mfukoni, na hakuna aliyekuwa na picha, kwa sababu kuna mtu mwenye kravati aliyewaambia picha zinabishaniwa. Nyufa zipo, naam, lakini mkuu akasema ufa hausemi ulizaliwa lini. Akasema yeye anaandika anachokiona. Ameona nyumba kuukuu na vipimo vitulivu. Mtaa wetu utaondoka kabla ya mvua kuanza, bila kujengewa popote. Akatazama saa yake. Wakaondoka.

Mama Ngalula alikuwa amekaa kwenye benchi ya ofisi. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Zamani, mwaka ule ambao kampuni ya zamani ilikuwa inaanguka na watu wa Kasai wanafukuzwa, alilala wiki nyingi kwenye kituo cha treni na sufuria zake, kisha akapelekwa "kwao" ambako hakujua hata njia ya kisima. Alirudi baadaye, akajenga tofali kwa tofali.

Nikamwendea. Nikasema, "Mama, kosa ni langu. Si la mashine, si la waya. Ni langu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira.

"Mara ya kwanza balinifukuza na mutoto mu mugongo," akasema. "Habakuniuliza kitu. Balisema tu, 'Muende kwenu.' Leo balikuya na heshima, Tata. Baliomba ushahidi. Na ushahidi tulikupatia weye."

Nimerudi nyumbani. Kasanduku kako mezani, kanawaka kijani. Mke wangu amempigia dada yake wa Kasaji kuuliza kama kuna chumba, nimemsikia akisema "batu babili," kisha akanitazama, kisha akasema, "eh, mi na mwanaume."

Muda mfupi uliopita pamebishwa hodi. Nilipofungua sikumkuta mtu. Pale kizingitini kulikuwa na kaptula moja ambayo Mama Sidoni alikuwa ameisahau kwenye kamba, ile yenye kiraka cha njano, imekunjwa vizuri sana. Juu yake waya wa bluu, umezungushwa duara, na fundo limefunguliwa. Miaka yote tuliyokaa jirani, yule mama hajawahi kuniletea kitu bila kuingia na kusalimia.

Mnaweza kucheka, kaptula ni halali yenu. Lakini kwa kusema "Ndiyo" siku ile nimepoteza nyumba yangu, nimempotezea Mama Ngalula ya kwake kwa mara ya pili, na leo jioni hakunisalimia.